Msaada umefaa, au bamvua tu?

Ukisimama soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga ukauliza kama maisha yamerudi baada ya Uviko-19, utajibiwa kwa bei ya pweza. Bei hiyohiyo huwapoteza wengi wanaotathmini miradi ya ubia iliyokwenda kuwainua watu wa visiwani.

Pweza huchokolewa bamvua, maji yanapokupwa miamba ikabaki wazi. Mtathmini akihoji watu mara ya kwanza siku za maji mafu, yasiyokupwa sana, kisha akarudi bamvua mradi ukiisha, ataandika kipato kimepanda hata kama mradi haukufanya lolote. Mwani nao una wakati wake. Akina mama wa Pemba wanaoulima wanajua joto la msimu wa kaskazi linavyouozesha kambani. Kwa hiyo msimu wa kusi ulinganishwe na kusi, bamvua na bamvua. Nimesoma ripoti nene zenye majedwali ya rangi ambazo tarehe zake hazikujali hata mwezi mwandamo.

Swali gumu zaidi: bila mradi ingekuwaje? Mwaka 2020 ndege zilisimama, hoteli zikakosa wageni, soko likalegea. Wageni waliporudi, bei ingepanda vyovyote vile. Tafuta kijiji jirani kisichopata msaada, chenye miamba ya namna ileile na wanunuzi walewale, ukipime pamoja na kilichopata. Si mizani kamili, maana msaada huvuka mpaka, jirani huazima hata barafu, lakini ni afadhali kuliko kutazama upande mmoja.

Vigezo vya tathmini vya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, vinavyotumiwa na wafadhili wengi, ni sita. Kile cha kuoana na juhudi nyingine kiliongezwa mwaka 2019, na visiwani ndicho chenye maneno. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya Uviko, ukajenga madarasa, na vituo vya afya vikapata vifaa. Mfadhili akijisifu kwamba watoto wamerudi shule, aulizwe darasa ni la nani.

Kisha angalia waliohojiwa. Mkutano ukiitishwa saa nne asubuhi siku ya bamvua, watakuja wenye vyombo na viongozi wa BMU, vikundi vya kijiji vya kusimamia uvuvi. Saa hiyo wachokoaji pweza, wengi wao wanawake, wako mwambani. Uitwe jioni, au usubiri maji mafu.