Kujiandaa kwa mtihani wa histoteknolojia ukiwa Kigoma: anza na slaidi iliyoharibika

Vijana wa maabara wanaonifuata kuhusu mtihani wa cheti cha histoteknolojia, yaani kazi ya kuandaa slaidi za tishu kwa ajili ya hadubini, karibu wote huanza na swali moja: tusome kitabu gani? Vitabu vipo na utavihitaji. Lakini kabla ya kitabu mimi humuuliza mtu: slaidi ya mwisho iliyokutoka vibaya ilikuwa na kasoro gani, na kasoro hiyo ilizaliwa hatua ipi? Anayeweza kulifuatilia hilo kutoka kwenye hadubini kurudi nyuma hadi kwenye kopo la fomalini, dawa ya kuhifadhia tishu, ameshaanza kujiandaa. Aliyekariri majina ya rangi tu atachanganyikiwa swali likija kwa sura ya tatizo.

Nazungumzia mtihani wa ngazi ya HT (fundi wa histolojia) wa American Society for Clinical Pathology, yaani ASCP. Una njia ya kimataifa, kwa hiyo mtu wa Kigoma, Kasulu au Kibondo anaweza kuuomba akiwa hapa nchini, mradi atimize masharti ya elimu na uzoefu. Usajili wetu wa nyumbani ni jambo la pekee, na cheti hiki hakichukui nafasi yake. Mtihani una maswali 100 ya kuchagua, unafanyika kwenye kompyuta kwa saa 2 na dakika 30. Alama zinakwenda kwa kipimo cha 100 hadi 999, na kufaulu ni 400. Kompyuta inakupangia maswali kwa kuangalia ulivyojibu: ukipatia, inakuletea gumu zaidi. Ukiona maswali yanazidi kukaza, usivunjike moyo, huenda ni kwa sababu unapatia. Maeneo yenyewe ni uhifadhi wa tishu, uchakataji (kuondoa maji na kuingiza nta), utengenezaji wa bloku za nta na ukataji, upakaji rangi, na uendeshaji wa maabara. Upakaji rangi ndio wenye sehemu kubwa kuliko yote.

Hata hivyo, nakusihi usianze na rangi. Anza na fomalini, kwa sababu tishu iliyohifadhiwa vibaya hakuna rangi itakayoiokoa.

Fomalini kamili ya dukani ina fomaldehaidi asilimia 37 hadi 40. Ukichukua sehemu 1 yake ukaongeza maji sehemu 9 unapata "fomalini ya asilimia 10", ambayo kwa kweli ina fomaldehaidi karibu asilimia 4 tu. Namba hizo mbili wengi huzichanganya. Kisha kuna bafa, yaani chumvi za kuzuia pH (kipimo cha asidi na alkali) isibadilike: katika lita moja, sodiamu fosfeti monobesiki gramu 4 na dibesiki gramu 6.5, ili pH ikae karibu na 7. Ukiiacha bafa, fomaldehaidi inaoksidika polepole kuwa asidi ya fomiki, asidi hiyo inakutana na hemoglobini, na slaidi inajaa chembe za kahawia iliyokoza, hasa penye damu nyingi.

Hapo mtu wa Kigoma ana la kujifunza kuliko mwenzake wa nchi isiyo na malaria. Kondo la nyuma, wengu au ini la mgonjwa wa malaria nalo lina chembe za kahawia. Zote mbili asili yake ni himu ya damu. Zote mbili zinang'aa ukiziangalia kwa mwanga wa polaraiza. Zote mbili huondolewa na alkoholi iliyoshiba asidi ya pikriki, ingawa za malaria huchukua muda mrefu zaidi. Utazitofautishaje? Angalia zilipokaa. Za malaria ziko ndani ya chembe nyekundu zenye vimelea na ndani ya seli zilizomeza vimelea hivyo. Za fomalini zimetawanyika juu ya tishu, hazifuati seli yoyote. Ukishaiona tofauti hiyo kwa macho yako kwenye kondo moja, huwezi kuisahau ndani ya chumba cha mtihani.

Kiasi nacho kina sababu. Fomalini iwe mara 10 hadi 20 ya ujazo wa tishu, na hupenya kwa takriban milimita 1 kwa saa, ikipungua kasi kadiri inavyoingia ndani. Sasa fikiria titi zima lililoletwa kutoka wilayani limeshindiliwa kwenye kopo la mdomo mwembamba. Liliingia laini, likakakamaa humo humo, na katikati pameoza kwa joto la njiani. Lilitakiwa lipasuliwe vipande mapema na kuwekwa kwenye chombo kipana. Kwa saratani ya matiti kuna zaidi ya hapo: mwongozo wa vipimo vya vipokezi vya homoni na HER2 (protini zinazoonyesha dawa gani itafaa) unataka tishu ikae kwenye fomalini ya bafa si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72, na iingie humo ndani ya saa 1 tangu kukatwa. Ndiyo maana nang'ang'ania saa iandikwe kwenye fomu. Mwanamke wa Kibondo ambaye kipimo chake kimetoka hasi kwa sababu ya safari ndefu anaweza kukosa dawa iliyokuwa imfae. Hili nalichukulia kwa uzito mkubwa kuliko mtihani wenyewe.

Kwenye uchakataji, wewe unayehamisha vikapu kwa mkono kutoka alkoholi moja hadi nyingine una faida. Umeshaona zailini, kimiminika cha kuondoa alkoholi kabla ya nta, ikigeuka maziwa, na unajua maana yake: maji yamevuka, alkoholi ya mwisho imechoka. Wakati wa masika hewa ni nzito, na alkoholi ya asilimia 100 iliyoachwa wazi hufyonza unyevu. Tishu isiyokaushwa sawasawa huwa na kiini laini, hubonyea kwenye bloku na huachia shimo maji ya bafu yakiigusa. Iliyokaushwa kupita kiasi huwa kavu na kuchanika chanika. Zipange kasoro hizo kwenye daftari, kila moja na chanzo chake.

Ukataji nitaupitia haraka, maana mikono yako inajua zaidi ya maneno yangu. Kata maikromita 3 hadi 5 kwa kazi za kawaida, nyembamba zaidi kwa figo, na 8 hadi 10 kwa amiloidi (protini iliyorundikana kwenye tishu) inayopakwa rangi ya Congo red. Utepe ukipinda, kingo za bloku haziko sambamba. Mstari wima ukipasua kila kipande, wembe una pengo. Vipande vikipokezana kinene na chembamba, kuna kitu kimelegea, au nta imepata joto.

Sasa tuje kwenye rangi. Hematoksilini yenyewe haipaki; lazima ioksidike kuwa hemateini, kisha ishikane na metali, kwa kawaida alumini, ndipo ikamate kiini cha seli. Ya Harris hupakwa kupita kiasi halafu hupunguzwa kwa alkoholi yenye asidi. Ya Mayer hupakwa taratibu hadi itoshe. Baada ya hapo viini huwa vyekundu-zambarau hadi viguswe na kitu chenye alkali ndipo vigeuke bluu. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9, kwa hiyo maji yanayotoka ziwani yanaweza kuifanya kazi hiyo bila shida. Mtu aliyezoea hivyo anaweza asijiulize kamwe kwa nini viini vyake hubadilika rangi. Kwenye maji yenye asidi vingebaki vyekundu, na angelazimika kutumia maji ya Scott, yenye baikaboneti na magnesiamu salfeti. Swali likikuambia viini vina wekundu, jibu litafute kwenye pH, si kwenye eosini, ile rangi ya waridi inayofuata hematoksilini.

Kwa rangi maalumu, jifunze kwa magonjwa unayoyaona. Ziehl-Neelsen inaonyesha bakteria wa kifua kikuu wakiwa wekundu, kwa sababu nta ya ukuta wao inaishikilia rangi ya kabo fuksini hata asidi ikipita. Bakteria wa ukoma ukuta wake ni dhaifu zaidi, na zailini na alkoholi humvua ile nta. Ndipo ikaja mbinu ya Fite: nta ya bloku huondolewa kwa zailini iliyochanganywa na mafuta ya karanga, yanayoilinda nta ya ukuta wa bakteria. (Sisi ni mkoa wa mawese, lakini kwenye kazi hii mafuta ni ya karanga.) Mayai ya kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni, yana mwiba ubavuni na ganda lake huwa jekundu kwa Ziehl-Neelsen. Ya haematobium, mwiba ukiwa mwishoni, kwa kawaida ganda haliishiki rangi hiyo. Rangi nyingine maalumu, kama PAS, Perls, Masson na fedha ya methenamini, zisome vivyo hivyo: kemikali ya kwanza inafanya nini, ya pili inashika nini.

Sehemu ambayo hapa kwetu tunakosa mazoezi ni imunohistokemia (kutafuta protini kwa kingamwili) na vipande vya tishu iliyogandishwa. Usiziruke. Fahamu kwamba kuchemsha kipande cha tishu kwenye sitreti ya pH 6 au EDTA ya pH 9 kunafungua vifungo vilivyowekwa na fomalini, na kwamba haidrojeni peroksaidi hutangulia ili kimeng'enya cha peroksidezi cha chembe za damu isitoe kahawia ya uongo. Omba ruhusa ukakae kwenye maabara ya patholojia ya hospitali kubwa Mwanza au Dar es Salaam, hata kwa muda mfupi.

Usalama una namba za Marekani ambazo ni za kukariri tu: fomaldehaidi 0.75 ppm (sehemu kwa milioni ya hewa) kwa wastani wa saa 8, na 2 ppm kwa dakika 15. Asidi ya pikriki isikauke, maana ikikauka hulipuka.

Hesabu fanya kila siku hadi zikuzoee. Unataka mililita 1000 za alkoholi ya asilimia 70 kutoka ya 95: 70 mara 1000, gawa kwa 95, unapata karibu 737, kisha jaza maji hadi 1000. Na maswali yasome kwa Kiingereza huku umeweka saa mezani, kwa sababu kila swali lina dakika 1 na nusu, na hesabu moja ikikumeza dakika 5 umeyanyima maswali mengine mawili nafasi yao.