Kura hazihesabiwi Nairobi

Kila uchaguzi Kenya utasikia: "Wewe piga tu, hesabu iko Nairobi." Sivyo. Kura huhesabiwa palepale kituoni, usiku, karatasi moja moja ikiinuliwa mawakala wa wagombea waione. Kisha Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, hujazwa, hutiwa sahihi, na nakala hubandikwa mlangoni. Nairobi hukagua fomu na kujumlisha.

Shaka yenyewe haikuzuka tu. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, na upeperushaji wa matokeo, yaani kuyatuma kutoka vituoni, ulikuwa kiini cha kasoro. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka fomu za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti. Ubishi haukuisha (ungeishaje?), ila mtu wa Lodwar, mbali kaskazini, aliyepiga picha ile fomu ya mlangoni aliweza kuilinganisha na ya tume.