Riwaya ya picha si kitabu cha asiyejua kusoma

Juzi barazani Ngamiani, hapa Tanga, jirani alimkuta binti yangu na riwaya ya picha, yaani hadithi ndefu inayosimuliwa kwa michoro ndani ya visanduku, akaguna: "Mwanangu, umri huo bado vibonzo? Soma kitabu cha maana." Wengi huamini hivyo, kwamba picha ni za mtoto ambaye herufi zimemshinda. Wanakosea.

Kitabu chenyewe ni When Stars Are Scattered cha Victoria Jamieson na Omar Mohamed, kilichotoka 2020. Omar ni Msomali aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, akimlea mdogo wake Hassan, ambaye karibu neno pekee analotamka ni "hooyo", yaani mama. Maneno yakiadimika hivyo, msomaji hana budi kusoma nyuso, mikono, hata ule upenyo mweupe kati ya kisanduku na kisanduku, ambamo mambo hutokea bila kuchorwa. Ni kama kufumbua shairi. (Ukurasa mmoja niliurudia mara tatu, na miwani juu.)

Tuzo nazo zipo: New Kid ya Jerry Craft ilitwaa Medali ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, 2020, riwaya ya picha ya kwanza kuipata.

Jirani kaazima kile kitabu. Hajakirudisha.