Asilimia 93 ya mawasiliano si maneno? Hesabu hiyo haihusu hotuba

Kwenye mafunzo mengi ya kuhutubia jijini Nairobi utaambiwa maneno yana uzito wa asilimia 7 tu; sauti 38, uso na mwili 55. Hesabu hiyo ilitokana na majaribio mawili ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian na wenzake, Marekani, mwaka 1967. Washiriki walisikia neno moja moja likitamkwa kwa sauti tofauti, jaribio moja likiongeza picha za nyuso, kisha wakakisia hisia za msemaji. Basi. Hapakuwa na hotuba wala slaidi. Mehrabian mwenyewe amesema kanuni hiyo inahusu hisia na mitazamo pekee.

Madhara yake? Mtu anakesha akizoeza mikono, huku slaidi yake imeandikwa "Matumizi" juu ya jedwali la safu 12 lisilosomeka kutoka viti vya nyuma. Andika kichwa kiwe sentensi: "Mafuta ya magari yamekula theluthi ya bajeti." Badala ya jedwali, weka grafu ya nguzo mbili tu, herufi zisipungue pointi 24. Nguzo ya mafuta ipake rangi nzito, maana jua la saa nane likipenya madirisha ya ofisi za mtaa wa Upper Hill, rangi ya kijivu haionekani kabisa. Ukibadilisha slaidi, nyamaza sekunde tatu hivi. Kusoma na kusikiliza kwa pamoja kunawashinda wengi. Sauti nayo ina kazi yake, bila shaka: ikififia mwishoni mwa sentensi, tarakimu humezwa.