Ngome ya Rochester: Kwa Nini Pembe Moja ni ya Mviringo, na Kwa Nini Huruhusiwi Kuchimba Chini Yake

Mnara mkuu wa ngome ya Rochester, katika jimbo la Kent nchini Uingereza, una pembe nne. Tatu ni za mraba. Ile ya kusini-mashariki ni ya mviringo, na wageni wengi hudhani ni urembo tu au fundi alibadili nia katikati ya kazi. Sivyo. Pembe ya awali iliangushwa na jeshi la Mfalme John mnamo Novemba 1215, na hii inayoonekana leo ilijengwa baadaye, enzi za mwanawe Henry wa Tatu. Anayeelewa jinsi pembe ile ilivyoanguka hatapata taabu kuelewa kwa nini sheria inalinda udongo wa ngome sawasawa na mawe yake. Suala hilo linahitaji kuelezwa upya hasa tangu tarehe 30 Julai 2023, maana ya hazina ilipopanuliwa kisheria na mashine za kutambua metali zikazidi kuzungumzwa.

Ngome hii ililinda mahali ambapo barabara ya Kirumi kutoka Dover kwenda London huvuka mto Medway. Baada ya uasi wa mwaka 1088 dhidi ya Mfalme William wa Pili, Askofu Gundulf wa Rochester, aliyewahi kusimamia ujenzi wa Mnara Mweupe wa London, alijenga ukuta wa mawe kuzunguka eneo lote kwa gharama ya pauni 60, na kwa malipo hayo mfalme akathibitisha haki ya kanisa lake kwenye shamba la Haddenham. Mnara mkuu ulikuja baadaye. Mwaka 1127 Henry wa Kwanza alimkabidhi ngome Askofu Mkuu wa Canterbury, William de Corbeil, pamoja na ruhusa ya kujenga mnara humo.

Vipimo vyake ni hivi: upana wa takriban mita 21 kila upande, urefu wa mita 34 hadi ukingo wa juu, na minara midogo ya pembeni ikiongeza mita 3.7. Kuta zina unene wa mita 3.7 chini, zikipungua hadi mita 3 juu. Hakuna mnara mkuu wa Kinormani, yaani wa enzi za watawala waliotoka Normandy, Ufaransa, uliobaki Uingereza unaoufikia kwa urefu. Sehemu kubwa ni mawe magumu ya Kent, ambayo hayachongeki vizuri. Kwa hiyo kwenye kingo, madirisha na matao waashi walitumia mawe laini yaliyoletwa kwa mashua kutoka Caen, Normandy.

Mlango haukuwekwa chini. Ngazi ilipanda kwa nje, ikazunguka pembe, ikakatizwa na daraja la kuinuliwa, kisha ikaingia jengo dogo la mbele lililobanwa kwenye ukuta wa kaskazini. Mlango wenyewe uko ghorofa ya kwanza, ukilindwa na lango la kushushwa kutoka juu. Ndani, ukuta mnene wa kati uliigawa kila ghorofa vyumba viwili. Ndani ya ukuta huohuo kuna shimo la kisima lililopanda hadi juu, lenye tundu la kuchotea maji kwenye kila ghorofa. Aliyebanwa ghorofa ya juu hakulazimika kushuka kutafuta maji. Ukuta huo wa kati ndio uliokuja kurefusha mapigano ya 1215.

Waasi, yaani makabaila waliompinga John, waliishika ngome chini ya William d'Aubigny. Idadi ya mashujaa wao wapanda farasi inatajwa kati ya 95 na 140, bila kuhesabu askari wengine. Mfalme alifika katikati ya Oktoba. Mitambo mitano ya kurusha mawe ilifanya kazi mchana na usiku, lakini dhidi ya kuta za mnara haikutosha. Ndipo wakaletwa wachimbaji. Mfalme alikuwa ameshaagiza Canterbury wafue sururu nyingi kadiri wawezavyo.

Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Unachimba njia ya chini kwa chini kuelekea msingi, ukitegemeza kila hatua kwa nguzo za mbao. Ukifika chini ya pembe unapanua chumba na kuondoa udongo unaobeba ukuta, hadi uzito wote ukae juu ya nguzo. Kisha unajaza kuni, unawasha moto, unatoka. Nguzo zikiungua, ukuta unashuka ndani ya tundu na kupasuka. Pembe ya mraba huchaguliwa kwa sababu mbili: ukiitikisa unazidhoofisha kuta mbili kwa mara moja, na mlinzi aliye juu haoni vizuri kinachoendelea chini ya ncha yake.

Ugumu ni moto wenyewe. Chini ya ardhi kuna unyevu na hewa haba, na nguzo nene haziungui haraka. Tarehe 25 Novemba John alimwandikia Hubert de Burgh, afisa wake mkuu, ampelekee nguruwe 40 wanono, wa aina isiyofaa sana kuliwa, kwa ajili ya kutia moto chini ya mnara. Mafuta yao ndiyo yaliyokoleza moto. Tunaomba hili lieleweke: baruti haikutumika. Haikuwa imeingia katika vita vya Uingereza wakati huo, na anayewaambia watoto kwamba pembe ililipuliwa anawafundisha makosa.

Kosa lingine ni kudhani kwamba pembe ilipoanguka vita vikaisha. Walinzi walirudi nyuma ya ukuta wa kati wakaendelea kupigana kutoka nusu iliyobaki, wakiwa wamefikia kula nyama ya farasi wao. Njaa ndiyo iliyowatoa, tarehe 30 Novemba.

Pembe mpya ilijengwa mviringo kwa sababu haina ncha ya kung'olewa jiwe kwa jiwe, haifichi adui kwa urahisi, na jiwe lililorushwa huteleza pembeni. Wakati huohuo mnara wa mviringo uliongezwa kwenye ukuta wa nje, upande huohuo wa kusini-mashariki. Mwaka 1264 Simon de Montfort, kiongozi wa makabaila walioasi dhidi ya Henry wa Tatu, aliizingira ngome akaanza kuchimba tena, lakini aliondoka jeshi la mfalme lilipokaribia.

Kilichoumaliza mnara kwa ndani ni biashara. Katika karne ya 17 mbao za sakafu na paa ziling'olewa zikauzwa. Ndiyo maana leo ukiingia unaona mbingu, na matundu ya boriti ukutani yakionyesha ghorofa zilipokuwa. Bila paa, mvua huingia moja kwa moja juu ya kuta, na hapo ndipo chokaa inapoumia. Mtu wa Lamu au Zanzibar analijua jambo hili. Chokaa hupumua, huruhusu maji kutoka. Ukiziba nyufa kwa saruji, maji hunaswa ndani ya jiwe, na katika baridi ya Kent yakiganda hutanuka na kubandua uso wa jiwe. Matengenezo hufanywa kwa chokaa, na kwa kibali.

Tuje kwenye sheria. Ngome nzima, pamoja na bustani inayoizunguka, inalindwa chini ya Sheria ya Majengo ya Kale na Maeneo ya Akiolojia ya 1979. Bustani kuwa wazi kwa umma hakumpi mtu haki ya kuchimba. Kazi yoyote inayogusa jengo au udongo wake huhitaji kibali cha waziri mwenye dhamana, na maombi hupitia Historic England, taasisi ya umma inayosimamia urithi wa kale wa England. Kuharibu kwa makusudi au kwa uzembe ni kosa: katika mahakama ya chini adhabu ni kifungo hadi miezi 6, faini, au vyote viwili, katika mahakama ya juu, kifungo hadi miaka 2. Kutumia mashine ya kutambua metali bila kibali cha maandishi cha Historic England ni kosa linalojitegemea, hata kama hukupata kitu, na faini yake hufika pauni 1,000. Ruhusa ya mwenye ardhi haichukui nafasi ya kibali hicho. Ukiondoa kitu ulichokigundua kwa mashine, adhabu hupanda zaidi.

Zaidi ya hiyo, kwa England na Wales, kuna Sheria ya Hazina ya 1996. Hazina kwa kawaida ni kitu chenye umri wa miaka 300 au zaidi na angalau asilimia 10 ya dhahabu au fedha. Kwa sarafu za namna hiyo, ziwe mbili au zaidi mahali pamoja. Zenye chini ya asilimia hiyo, kumi au zaidi. Tangu Julai 2023 imeongezwa aina nyingine: kitu chenye metali, cha miaka 200 au zaidi, chenye umuhimu wa pekee kihistoria. Una siku 14 za kutoa taarifa kwa mchunguzi wa vifo wa eneo hilo, ambaye sheria imempa pia kazi ya hazina. Siku hizo huhesabiwa tangu ulipokipata, au tangu ulipopata sababu ya kuamini kuwa ni hazina. Kwa vitendo unampelekea ofisa wa vitu vya kale wa eneo lako, naye huendeleza taarifa. Usiondoke bila stakabadhi. Kutotoa taarifa ni kifungo hadi miezi 3, faini, au vyote viwili. Hoja ya “nimekiokota, ni changu” haisikilizwi. Makumbusho ikikitaka, zawadi hutathminiwa na kwa kawaida hugawanywa kati yako na mwenye ardhi. Aliyeingia bila ruhusa anaweza kukosa sehemu yake yote.

Ukiona jiwe limedondoka kwenye mnara wa Rochester, usiliinue hata kwa nia ya kulirudisha: mahali lilipoangukia huwaonyesha waashi lilikotoka. Piga picha ukiweka kitu cha kulinganisha ukubwa, kaa mbali na ukuta kwa sababu la pili linaweza kufuata, kisha mwambie mhudumu aliye langoni.