Mbona dawa ya bakteria haitibu malaria? Maswali na majibu kuhusu DNA

Huku Kigoma tunaugua malaria, na kipindupindu tumekiona. Vijidudu vyake si vya aina moja?

Hapana. Kipindupindu, kama kile kilichowakumba wakimbizi wa Burundi pale Kagunga mwaka 2015, huletwa na bakteria. Bakteria ni prokarioti: seli yake haina kiini, DNA (maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya kila kiumbe) imo tu humo ndani bila utando wa kuizunguka. Kimelea cha malaria ni yukarioti kama sisi, kama dagaa, kama mchikichi; DNA yake imefungiwa ndani ya kiini. Kwa upande huo, kimelea cha malaria kinafanana nawe kuliko kinavyofanana na bakteria.

Kwani DNA yenyewe inatofautiana?

Herufi zake, yaani kemikali zinazoiunda, ni zilezile nne: A, T, G na C. Kinachotofautiana ni mpangilio. Bakteria wengi wana kromosomu (uzi mrefu wa DNA) moja ya duara. Yule wa kipindupindu anazo mbili, jumla herufi kama milioni 4. Plasmodium falciparum, kimelea kinacholeta malaria nyingi kwetu, kina kromosomu 14 zenye ncha, na herufi kama milioni 23. Binadamu ana kromosomu 46. DNA ya seli yako moja ikinyooshwa inafika kama mita 2, ila imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama mshipi wa mvuvi kwenye kibao chake. Ndiyo maana inaenea kwenye kiini kisichoonekana kwa macho.

Mimi mgonjwa hayo yananihusu nini?

Yanakuhusu sana. Sipro, antibayotiki yaani dawa ya bakteria, humuua bakteria kwa kukwamisha vimeng'enya (protini za kazi) anavyotumia kukunja na kukunjua DNA yake. Vya kwetu vina umbo jingine, kwa hiyo dawa inampata yeye zaidi. Malaria ina dawa yake, ile mseto. Ukiwa na homa ukaenda dukani kununua sipro bila kupima, na kumbe ni malaria, kimelea kinaendelea kuzaliana kwenye damu. Kwa mtoto mdogo, siku moja tu ya kuchelewa inaweza kugharimu maisha. Pimeni kwanza, jamani.

Mbona doksi (doxycycline) ni dawa ya bakteria na wasafiri wanaimeza kujikinga na malaria?

Ni kweli. Ndani ya kimelea cha malaria kuna kisehemu kiitwacho apikoplasti, ambacho asili yake ya zamani sana ni bakteria, na bado kina DNA yake ya duara. Doksi hukishambulia hicho. Lakini inafanya kazi polepole, hivyo haitoshi peke yake kumtibu anayeumwa.

Usugu wa dawa nao?

Bakteria wengi wana vipande vya ziada vya DNA, plasmidi, ambavyo hupeana wao kwa wao, hata wa aina tofauti. Jeni ya usugu, yaani kipande cha DNA kinachomfanya bakteria asiuawe na dawa, ikikaa humo, inasambaa upesi. Kimelea cha malaria hakipeani DNA namna hiyo. Usugu wake huanzia kwenye mabadiliko ya DNA yake na kuenezwa na mbu.

Basi mgonjwa wa kipindupindu apewe antibayotiki haraka?

Kinachoua kwenye kipindupindu ni kuishiwa maji mwilini. Mpeni ORS tangu nyumbani, aendelee kunywa njiani mkimpeleka kituo cha afya. Akizidiwa atawekewa dripu, na antibayotiki ataamua mhudumu.