Karamu ya Mwisho si fresko

Sebule nyingi za Wakristo zina nakala ya Karamu ya Mwisho, mchoro wa Leonardo da Vinci wa Yesu mezani na wanafunzi wake, ukutani, juu ya kochi, imewekewa fremu na kioo. Labda ndiyo maana wengi hudhani hata ile ya asili ni picha ya kutundikwa, iliyoko Vatikani. Sivyo. Imechorwa kwenye ukuta wenyewe wa bwalo la chakula la watawa Wadominiko, katika monasteri ya Santa Maria delle Grazie, mjini Milano, Italia, na upana wake unakaribia mita 9.

Kosa linaloniuma zaidi ni kuiita fresko, maana linaficha chanzo cha masaibu yake. Fresko huchorwa kwenye lipu mbichi. Lipu hunywa rangi, na ikikauka, rangi na chokaa vimeshakuwa kitu kimoja. Lakini mchoraji lazima awahi, na Leonardo da Vinci hakuwa mtu wa kukimbizwa. Alitaka kuacha, kurudi, kurekebisha. Basi kati ya mwaka 1495 na 1498 hivi alipaka rangi zake kwenye ukuta mkavu. Unyevu ukapenya, na rangi ikaanza kubanduka yeye mwenyewe akiwa hai.

Ushahidi umo humo bwaloni. Geuka utazame ukuta wa pili: Kusulubiwa kwa Yesu, kazi ya Giovanni Donato da Montorfano ya mwaka 1495. Hiyo ni fresko halisi, na rangi zake bado zimeshika. Kwenye pembe zake za chini ziliongezwa baadaye sura za familia ya mtawala Ludovico Sforza, juu ya lipu iliyokwisha kukauka. Hizo zimefutika karibu zote.

Wengine hulaumu vita. Kweli, bomu la Agosti 1943 lilibomoa sehemu kubwa ya bwalo, ila ukuta wenye Karamu ya Mwisho ulikuwa umekingwa kwa mifuko ya mchanga, ukabaki umesimama. Miguu ya Yesu ilipotea zamani, mwaka 1652, watawa walipokata ukuta kupitisha mlango.

Na yule mwenye uso laini kuumeni kwa Yesu si Maria Magdalena, kama wengine wanavyodai. Ni Yohana, ambaye wachoraji wa Italia wa enzi hizo walizoea kumchora kijana asiye na ndevu. Soma Yohana 13:24, Petro anamwashiria yule mwanafunzi aulize msaliti ni nani. Kisha tazama picha: Petro amemwinamia, mkono begani, na mbele ya Petro, Yuda amejivuta nyuma, kaushika mfuko wake wa fedha.